Sauti ya Ruweida

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, au aliyelipata limeshafungiwa vitumbua, mambo yalifikia hapa.

Hamdan Silima ni kijana wa Konde mwenye ndevu za kuwatosha watu wawili na sauti nyembamba kama ya mtoto wa darasa la sita. Rafiki yake Abdulnasir ana chaneli ya mtandaoni iitwayo Kurunzi, ya kuwanasa wanaume wanaowawinda watoto wa skuli kwa simu. Hamdan ndiye chambo. Akishika simu anageuka Ruweida, mtoto wa miaka kumi na miwili, na watazamaji hudhani ni mtoto wa kweli. Anayeingia mtegoni huambiwa mahali pa kukutana, akifika anakuta kamera.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Haidar, fundi simu. Huyo alinaswa kwa haki yake, na kesi yake iko mahakamani. Wa karibuni alikuwa mchuuzi wa samaki. Video yake ilitazamwa Pemba nzima, na Unguja nako wakairudia.

Siku ile Hamdan alikuwa nyuma ya pazia, hakumwona mtu. Alipoitazama video nyumbani ndipo akalisoma jina lililoandikwa chini ya picha: Msellem Kombo Faki. Hakuwahi kukutana naye uso kwa uso, maana posa hupelekwa na wazee. Lakini jina alilijua. Ni baba yake Mwanapili, msichana ambaye posa ya Hamdan kwao ilikuwa imeshapokelewa.

Hapo ndipo tulipomwacha, simu mkononi, wali umepoa kwenye sahani.

Asubuhi ya Alhamisi alifungua duka lake la steshenari kama kawaida. Hajaweka hata karatasi kwenye printa, Mwanapili akaingia.

"Asalamu alaykum, Hamdan."

"Waalaykum salaam." Aliijibu kwa sauti nzito aliyoitafuta kooni asiipate vizuri.

"Una mafua?"

"Kidogo."

"Pole. Nataka unichapie barua ya baba. Ya kupeleka kwa sheha."

Hamdan akajua ni barua ya kukana. Akakaa, akaweka vidole tayari, akaomba Mungu isiwe ndefu.

"Andika kichwa," Mwanapili akasema. "Yahusu kutafutwa kwa mtoto Ruweida."

Vidole vikasimama.

"Kutafutwa?"

"Wewe andika."

"Kichwa nikipigie mstari chini?"

"Kipigie." Mwanapili akafungua karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mtu asiyependa kuandika, akaisoma. "Mimi Msellem Kombo Faki, mchuuzi wa samaki, naiomba shehia inisaidie kumpata mtoto huyo. Alinipigia simu akasema hajala tangu jana yake, na hana mkoba wa skuli. Siku niliyompelekea mkoba nilizuiwa na watu wenye kamera. Mpaka leo sijui kama alipata chakula."

Hamdan akachapa mpaka nukta ya mwisho. Kisha akasubiri. Hakukuwa na zaidi.

"Barua haisemi kitu juu ya heshima yake," akasema.

"Nimemwambia. Akasema heshima yake ina miaka hamsini na mitano, itastahamili. Mtoto ana kumi na miwili."

Msomaji, Hamdan aliyajua mazungumzo yale yote, si yale tu yaliyorushwa.

Namba ya Msellem ililetwa Kurunzi na mtu asiyejitaja, aliyeandika tu kwamba mwenye namba hii si mtu mzuri. Hakuna aliyeuliza zaidi. Ruweida alipopiga, Msellem alijibu, "Umekosea namba, mwanangu. Mie nauza samaki. Nenda kasome." Akakata. Abdulnasir akamwambia Hamdan apige tena, aseme ana njaa. Msellem akamwambia aende kwa jirani. Abdulnasir akamwambia apige mara ya tatu, alie kidogo. Hapo Msellem akalegea. "Basi nitakuletea mkoba na kitoweo. Njoo na mama yako."

Kwenye video, "nitakuletea" ilibaki. "Njoo" ilibaki. Mama alikatwa.

"Huko kwenu watu wanasemaje?" Hamdan akauliza.

"Hawasemi. Hawanunui tu samaki. Tumekula samaki changu tangu Jumapili mpaka paka wa jirani wamekinai." Mwanapili akacheka, kisha akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Ile video nimeisikiliza mara kumi. Sauti ya mtoto yule nimeisikia mahali. Ikitaka kunijia, inanikimbia."

Hamdan akaziinamia ndevu zake. Watu husikia kwa macho. Sauti ya mtoto ikitoka kwa mtu mwenye ndevu, sikio linaikataa.

"Na mzee yuko wapi sasa?"

"Kafunga mkoba nyuma ya baskeli. Anapita skuli kwa skuli, kutoka Tumbe kushuka Ole, anauliza kama kuna Ruweida."

Printa ikatoa barua. Hamdan hakuichukua.

Mtu aliyeonyeshwa kisiwa kizima kwamba anawafuata watoto wa skuli, sasa alikuwa akiwafuata watoto wa skuli. Mchana kweupe, na mkoba wa kike.

Mwanapili alipotoka na barua yake, Hamdan akaingia stoo, akafunga mlango, akaiwasha simu ndogo ya Ruweida, iliyozimwa tangu siku ya mtego. Alikuwa na mpango. Ulikuwa mpango mbaya, lakini ndio uliokuwapo.

"Ami Msellem? Mie Ruweida."

"Mwanangu." Upepo wa baskeli ulisikika, kisha breki. "Uko wapi?"

"Niko nyumbani. Nimeshakula. Ami usinitafute tena, nakuomba."



"Nani kakwambia useme hivyo?"

"Hakuna mtu."

"Nisikilize. Kama kuna mtu kasimama hapo anakutisha, usiseme kitu. Kohoa tu."

Stoo ile ilikuwa na rimu za karatasi za tangu enzi za babu yake Hamdan, na vumbi la umri huo huo. Hamdan akabana pua. Akabana mdomo. Akamkumbuka Mola wake.

Akakohoa mara tatu.

"Nimefahamu," Mzee Msellem akasema. "Nakuja, mwanangu."

Simu ikakatika.

Abdulnasir alikuwa kwenye chumba chake nyuma ya kinyozi, anakula muhogo kwa samaki wa kukaanga huku akihariri. Alipohadithiwa habari ya kikohozi alicheka hadi akaisukuma sahani kando isije ikamwagikia kompyuta. Hamdan alimwacha amalize.

"Nataka ile rekodi kamili," akasema.

"Ya nini?"

"Nimpe sheha. Asikie kwamba mzee alisema njoo na mama yako."

Abdulnasir akanawa mikono taratibu. Si mtu mbaya, msomaji, nisikudanganye. Chaneli aliianzisha baada ya binti wa shangazi yake kuharibiwa maisha na mtu aliyemjua kwenye simu, na mtu yule mpaka leo anatembea.

"Jumatatu Haidar anapanda mahakamani," akasema. "Ushahidi mkubwa ni wetu. Ukienda kusema kwamba kwa Msellem tulikata, wakili wake atasema kwa Haidar tulikata pia. Hakimu amwamini nani?"

"Haidar hatukumkata."

"Mimi najua. Wewe unajua. Hakimu atajuaje?"

Hamdan hakuwa amefika huko kwa mawazo.

"Bi Tatu atampeleka mwanawe, mtoto aliyemtaja Haidar, mpaka pale mahakamani," Abdulnasir akaendelea. "Mtoto mdogo vile. Halafu Haidar arudi dukani kwake, watoto wampelekee simu kama zamani. Yote kwa sababu ya mzee mmoja aliyekosa wateja siku nne. Msellem watu watamsahau. Yule mtoto hatasahau."

"Kwa hivyo mzee abebe?"

"Mwambie ukweli kwa siri. Yeye peke yake, sikioni. Aache kutafuta mtoto, arudi kwenye samaki wake. Video nitaishusha kimya kimya baada ya kesi."

Maneno yalikuwa na mantiki. Hamdan aliyageuza huku na huku atafute tundu, asilione vizuri. Ndipo simu yake mwenyewe ikaita. Alikuwa Mwanapili.

"Baba kazungukwa," akasema. "Skuli ya njia ya Ole. Mtu kampigia mama. Mimi natafuta gari. Una njia yoyote?"

Hamdan alishatoka mlangoni. Alipanda bodaboda ya Abdulnasir bila kuomba.

Nje ya skuli palikuwa na watu kama hamsini. Wazazi wengi, wauza maembe wawili, na sheha aliyenyoosha mikono kama anayezuia kuku. Katikati alisimama mzee mrefu, mwembamba, kofia imekaa sawa, ameshika baskeli yenye mkoba wa waridi uliochorwa paka.

"Unamtaka mtoto wa nani?" mama mmoja alimuuliza.

"Sijui ni wa nani. Ndiyo maana nauliza."

Jawabu lile halikusaidia.

Hamdan akapenya kwa bega mpaka akamfikia, akamwinamia sikioni. "Mzee Msellem, tuondoke hapa. Nina jambo la kukwambia, wewe peke yako."

"Ahsante, mwanangu, lakini sina nafasi." Mzee hakuwa mtu wa kunong'ona, alizoea kunadi samaki. "Leo asubuhi kanipigia. Kakohoa mara tatu. Kuna mtu anamtisha mtoto yule, na mie siondoki mpaka nimpate."

"Mnamsikia?" mwanamme mmoja akauliza wenzake. Akaushika usukani wa baskeli. Mwengine akamshika mzee kola.

Gari ya polisi ilikuwa inasimama ng'ambo ya barabara. Bi Mardhiya, askari wa dawati la jinsia na watoto, alikuwa bado anateremka. Mkono wa tatu ukamfika mzee kabla yake.

Hamdan akaona kwamba siri ya Abdulnasir haitatosha. Ingefika sikio moja, na mikono ilikuwa mingi.

"Ruweida ni mimi," akasema.

Waliosikia wakacheka. "Mwondoeni huyo, jua limemwingia," mtu akasema.

Hamdan akafumba macho. Akalegeza koo, kama alivyofanya mara nyingi nyuma ya pazia.

"Ami, sijala tangu jana. Nyumbani hawajapika."

Wote wakageuka. Hata mbuzi aliyekuwa akila daftari la mtu pale ukutani aliinua kichwa.

"Subhanallah," mama mmoja akasema polepole. "Ndiyo ile."

Mikono ikamwachia Mzee Msellem. Akasogea, akazitazama ndevu za Hamdan kwa karibu, kama anayekagua macho ya samaki.

"Sema tena."

"Ami, sina mkoba wa skuli."

"Kwa hivyo hakuna mtoto."

"Hakuna, mzee."

"Hakuna aliyelala na njaa."

"Hakuna."

"Na aliyekuwa anamtisha?"

"Hakuna. Lilikuwa vumbi la karatasi."

Mzee Msellem akavuta pumzi ndefu, akaishusha. "Alhamdulillahi," akasema. Akakaa kwenye ukuta mfupi wa skuli, akaanza kucheka. Alicheka hadi kofia ikaanguka. "Siku nne silali vizuri, namfikiria mtoto. Kumbe nafikiria ndevu."

Kicheko kikawashika waliokuwa karibu, kikaenda kwa wauza maembe, kikamfika hata yule mwanamme aliyemkamata kola, ambaye sasa alikuwa akiinyoosha kola ile kwa kiganja.

Hamdan hakucheka. Alijua akinyamaza sasa atanyamaza moja kwa moja. Akayasema yote. Kwamba namba haikuchunguzwa. Kwamba mzee alikata simu, naye akapiga. Kwamba alilia kwa kuagizwa. Kwamba mzee alisema njoo na mama yako, na mama akakatwa. Alizungumza kwa sauti yake mwenyewe, ile nyembamba, bila kuitafutia uzito, na mara hii hakuna aliyemdhihaki. Simu zilikuwa juu pande zote, zinamrekodi.

Alipomaliza alimwona Mwanapili. Alikuwa amesimama kando ya gari iliyomleta, barua mkononi.

"Ulinichapia hii," akasema. "Ukaniuliza kichwa nikipigie mstari."

"Nilishindwa kusema."

"Hukushindwa. Hukutaka." Akaikunja barua mara mbili, akaitia mkobani mwake. "Utanichapia nyengine, ya kumsafisha baba. Kila shehia ipate nakala yake."

"Nitachapa leo."

"Kuhusu sisi, sijui. Usiniulize leo."

Mzee Msellem akapangusa macho. "Muache kwanza, mwanangu. Kaja mwenyewe, hakuletwa." Kisha akamgeukia Hamdan. "Kesho baada ya sala ya Ijumaa uje nyumbani. Posa haijarudi, wala haijakaa. Tutazungumza. Na uje na njaa, samaki tunao."

Wengine wakacheka tena, na Hamdan, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, akacheka nao. Laiti siku ile ingeishia pale.

Bi Mardhiya alikuwa amesimama muda wote akisikiliza, mikono nyuma.

"Umefanya vizuri," akamwambia. "Sasa sikiliza ubaya wake. Simu hizi zote zimekurekodi. Wakili wa Haidar atakusikia kabla ya laasiri. Jumatatu atamwambia hakimu kwamba Kurunzi hukata maneno ya watu, na shahidi wake atakuwa wewe."

"Najua, Afande."

"Tangu mwanzo ningemtaka Abdulnasir aje kwangu kwanza, kabla ya kamera. Sikuulizwa. Basi nakuuliza mimi leo. Kwa Haidar mlikata?"

"Subiri, Afande," sauti ikasema nyuma ya watu. "Anijibu mimi."

Watu wakapisha. Alikuwa Bi Tatu, mama wa mtoto aliyemfichua Haidar. Mwanawe alikuwa akisoma skuli ile ile, naye alikuja mbio kama wazazi wengine waliposikia kuna mwanamme getini. Alikuwa na kanga mbili na kandambili zisizofanana.

"Nijibu, Hamdan. Mimi nilikupeni ushahidi wa mwanangu kwa mikono yangu."

"Haidar alianza mwenyewe, Bi Tatu," Hamdan akasema. "Aliendelea mwenyewe. Hatukumsukuma, na neno lake hata moja hatukulikata. Hilo nitaapa mbele ya hakimu."

Bi Tatu akashusha mabega.

Hamdan angeweza kunyamaza hapo. Bi Mardhiya angeandika, watu wangetawanyika. Lakini alikuwa ameshaanza kusema kweli, na kweli ina tabia ya kuvutana na wenzake.

"Kuna jengine," akasema. "Maelezo ya mwanao. Yale niliyoyasoma mimi kwenye video ili sauti yake isijulikane."

"Yalikuwaje?"

"Yaliandikwa kwenye karatasi. Mistari kumi na mmoja. Mimi nilisoma kumi."

Bi Tatu akamtazama bila kupepesa.

"Abdulnasir aliupiga kalamu wa mwisho. Akaniambia niuruke, tumalize na Haidar kwanza. Nikauruka."

"Ulisema nini mstari huo?"

"Ulikuwa na jina la mtu wa pili."

Bi Mardhiya akainua mkono. "Zimeni simu," akaamuru. "Wote."

Hakuna aliyetii. Simu zilibaki juu kama mwanzo, nyeusi, nyekundu, zilizopasuka vioo. Kasoro moja tu, nyuma kabisa, karibu na geti. Hiyo ilishuka polepole, ikaingia mfukoni, na mwenye nayo akaanza kurudi kinyumenyume.

Hamdan akamjua: ndiye mwenye jina la mstari wa kumi na moja.

"Bi Tatu," akasema kwa sauti ya chini, "usigeuke."